Uhusiano na Mgonjwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi pazuri, goti limepoa, na ile dawa ya macho unaitia asubuhi na jioni kama daktari alivyosema, siyo siku unayoikumbuka tu. Usingizi unapata? Kaka hajambo, na wifi, na wale wajukuu wanaokukimbizia kuku? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mwenyezi Mungu. Baba watoto bado anajenga ukuta wa ile shule, mgongo unamsumbua lakini hasemi. Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira. Sijawahi kukaa na hasira siku nyingi hivi tangu unizae, na nimeiombea iondoke, nayo kila nikisema amina naikuta inaningoja mlangoni.

Kabla sijaendelea nakuomba jambo moja. Usimpe mtu barua hii akusomee. Najua huwa unampa wifi, na wifi ana sauti nzuri ya kusoma, lakini sauti hiyo inafika mpaka barabarani. Ndiyo maana sikupiga simu pia, kwa sababu simu ya hapo nyumbani kila ikipokelewa inawekwa sauti kubwa, mtu anajikuta anaongea na ukoo mzima. Vaa miwani, keti chumbani kwako, soma polepole. Nimeandika herufi kubwa kwa makusudi. Nimemaliza daftari la mjukuu wako, na amenuna.

Habari yenyewe inamhusu Kengele. Ni Kengele yule yule, shoga yangu wa tangu darasa la kwanza, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mwalimu alimkabidhi kengele ya shule na yeye akawa na sauti kuishinda. Ndiye aliyekuwa akija kwetu saa ya kula na kijiko chake mfukoni, ili asije akaambiwa vijiko havitoshi. Wewe ulikuwa unauliza kwa sauti kama kwao hawapiki, na huku mkono wako unampakulia. Unajua pia kwamba mimi na yeye tuna miaka ishirini na miwili sasa katika chumba cha dobi cha ile nyumba ya wageni, tunafua, tunapiga pasi, tunakunja. Mume wake alishafariki na watoto Mungu hakumjalia, kwa hiyo jioni nyingi ni mtu wa kwangu.

Majuma matatu yaliyopita, siku ya Jumanne, tulikuwa tunakunja mashuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mbali, kila mmoja na ncha zake mbili, mnavuta mpaka linyooke, mnalikunja kwa urefu, kisha mnatembea mkutane katikati, mmoja anakabidhi ncha mwingine anapokea. Sisi tulishaacha kuhesabu wala kuambiana, miguu yenyewe inajua. Siku hiyo sakafu ilikuwa na maji, kwa sababu kuna bomba linavuja na msimamizi ameambiwa mara tatu, na mara zote tatu alijibu kwamba ameshaandika. Kengele akarudi nyuma kuvuta, akateleza, akaanguka na kisogo chake kikapiga ukingo wa karo la saruji. Mimi bado nimeshika ncha zangu kama mjinga.

Akainuka mwenyewe akicheka, akasema bahati mbaya ni ya shuka, maana litafuliwa upya. Tukaendelea na kazi. Baada ya chakula cha mchana akaniuliza kama foronya zimeshahesabiwa. Nikamwambia zimeshahesabiwa. Akaniuliza tena. Mara ya tatu hakuuliza foronya, aliniuliza kama kengele ya mapumziko imeshapigwa au akaipige. Nilicheka mama, nikidhani ni utani wake. Nilipomtazama machoni nikaacha kucheka.

Hospitali wakampiga picha ya kichwa. Daktari ni binti mdogo tu, mpole, alinikalisha chini akanieleza kwamba damu inakusanyika polepole chini ya fuvu na lazima itolewe, na isizidi siku mbili. Akasema mgonjwa mwenyewe hawezi kusaini maana hajui hata leo ni siku gani, hivyo niende dirisha la tatu nikajaze fomu, nikirudi nayo atampanga. Nikaenda mbio na sare ya kazi, viatu vimelowa.

Karani wa dirisha la tatu ni mwanaume wa makamo kama mimi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, kalamu yake imefungwa kamba mezani utadhani mbuzi. Akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikamwambia ni rafiki yake. Akalirudia neno hilo, rafiki, kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Kisha akaniambia, mama, rafiki si uhusiano.

Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Akarudia, akanigeuzia fomu nijionee. Pameandikwa Uhusiano na Mgonjwa, halafu vimepangwa visanduku: mume, mke, mzazi, mtoto, ndugu, mlezi, mengineyo. Rafiki hayumo. Nikamwambia basi aniweke kwenye mengineyo. Akasema hapana, mengineyo ni ya polisi, kwa wale wanaookotwa njiani hawajulikani. Nielewe vizuri hapo mama. Kengele angeokotwa mtaroni na askari ambaye hajawahi kumwona, askari angesaini na mgonjwa angetibiwa. Kwa kuwa ameletwa na mtu anayemjua tangu wote wawili hatuna meno ya mbele, hakuna wa kusaini.

Nikajaribu kumweleza. Akanijibu bila ubaya wowote, na hicho ndicho kilichoniuma, kwamba rafiki leo yupo kesho mmegombana, sasa wao watamtafuta wapi. Ndugu, akasema, hata mkigombana anabaki kuwa ndugu. Na watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaitikia, ni kweli, ni kweli. Waliitikia kama wako kwenye ibada.

Ningekuwa na nafasi ningewaeleza jinsi mimi na Kengele tunavyogombana. Mwaka ule mjukuu wako mkubwa alipoletewa yule mchumba wa kwanza, Kengele aliniambia usoni kwamba kijana ni mwongo, kwamba anaonyesha meno kabla ya kusema. Nilimkatalia, nikamwambia anaona wivu kwa kuwa hana mtoto wa kuozesha. Ndiyo, nilisema hivyo, na kinywa hiki ndicho ninachosalia. Tulikaa majuma saba bila kusemeshana. Lakini mashuka hayajui ugomvi. Kila siku majuma saba tulivuta, tukakunja, tukatembea mpaka katikati, mmoja anakabidhi ncha mwingine anapokea, na kila mtu anatazama dari. Mkuu wa jikoni alikuwa anakuja kusimama mlangoni kutuangalia kama sinema. Baadaye ikajulikana kijana ana mke na watoto wawili. Kengele hakuniambia si nilikwambia. Alinipa ncha za shuka akasema, shoga, vuta, umelegeza. Ndiyo tukaanza kuongea.

Sasa huyo ndiye karani ananiambia kesho tutagombana.

Kwa kuwa alisisitiza ndugu, nikamtafuta ndugu. Unakumbuka Kengele alilelewa na mjomba wake baada ya mama yake kufa akimzaa. Mjomba naye alishafariki, amebaki mtoto wake wa kiume. Nikapata namba yake kwa taabu, nikampigia nikiwa pale pale hospitalini. Nikamwambia dada yako anaumwa, anahitajika mtu wa kusaini leo au kesho. Akaniuliza dada yupi. Nilipomtajia akasema, aa, huyo mbona alishakuwa wa watu wengine tangu utotoni, mimi nina shughuli zangu, muulize shoga yake. Nikamwambia shoga yake ndiye mimi. Akasema, basi umeshajiuliza. Akakata simu.

Ndugu anasema muulize rafiki, karani anasema rafiki si uhusiano, na katikati yao kuna mtu amelala anauliza kama mapumziko bado. Na kwa kweli mama, kosa jingine ni letu sisi wenyewe, tumelichakaza neno. Siku hizi muuza nyanya anakuita rafiki ili ununue, na usiponunua anakusonya. Wanangu wananiambia kwenye simu zao wana marafiki mia sita. Nikawauliza kati ya hao mia sita wangapi wanajua kwamba kaka yenu hali kitunguu, wakacheka wakaniambia mama umepitwa na wakati. Sasa neno limeshachakaa hivyo, karani ataliona lina uzito gani?

Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba. Baba watoto akanisikiliza mpaka mwisho huku anajikanda mgongo, kisha akasema yeye alipokuja kuposa kwetu alijua anaoa wawili, kwa hiyo kama ni ndugu basi wamwandike yeye kuwa mume wa wote, wamalize. Nilimtupia kanga. Lakini nilicheka, na nikala.

Karani alikuwa ameniambia kitu kimoja cha mwisho, kwamba kesho yake nije na kitambulisho cha Kengele, pengine kwa majina yake watapata mtu wa ukoo. Hapo niliondoka bila kuaga. Hukuniona, ila kama ungeniona ungejua kuna jambo, maana wewe siku zote unanijua.

Nakwambia kwanza mwisho wake usije ukaumia roho ukisoma: siku ya pili fomu ilisainiwa. Kengele alipasuliwa, damu ikatolewa, amepona. Amenyolewa nywele zote upande mmoja na ameshaanza kuwapigia kelele wauguzi kuhusu mashuka yao, kwamba hayakuvutwa. Mungu apewe sifa. Aliyesaini ni mimi. Sasa nikueleze nilisainije, na hapa ndipo ninapozunguka tangu mwanzo wa barua.

Kengele anatumia jina la baba. Baba yetu, mume wako. Kwenye kitambulisho chake jina la pili ni la baba, na la tatu ni la babu, sawasawa kabisa na yangu.

Nakuomba usiiweke barua chini. Soma mpaka mwisho.

Mwaka ule wa kuanza shule ndio mwaka ulipompoteza mdogo wangu, yule wa miezi saba. Wewe ulikuwa hutoki chumbani. Baba ndiye aliyenivalisha, akanipandisha kwenye mhimili wa baiskeli mbele yake. Tulipopita kwa mjomba wa Kengele tukamkuta mtoto amesimama nje na ndoo, ananitazama jinsi nilivyochanwa nywele. Baba akamwuliza mjomba kama huyu haendi shule. Mjomba akasema akienda nani atachota maji, ila kama una nafasi mchukue leo akaone, atarudi mwenyewe. Baba akampandisha nyuma, kwenye keria, akamwambia anishike mimi kwa kumzunguka yeye. Tulifika hivyo, baba amebanwa katikati kama mzigo.

Mwalimu wa kuandikisha alikuwa na foleni mpaka getini. Mimi nikaandikwa. Akamwuliza Kengele jina la baba yake. Kengele akasema, Mjomba. Mwalimu akamwuliza tena, jina la baba, si la mjomba. Kengele akasema, Mjomba, akiwa na hakika kabisa, maana hakuwahi kusikia mwanaume wa nyumba anaitwa vingine. Foleni nzima ikacheka. Mwalimu akafunga kalamu, akasema mtoto asiye na baba wala mlezi haandikwi, arudi mwaka ujao na mtu wake. Kengele hakulia. Alishusha macho akaanza kuvua zile ndala zangu nilizomwazima njiani, ili anirudishie.

Baba akajifuta mikono kwenye suruali, ile mikono yake ya grisi ya minyororo ya baiskeli, akasema, andika langu. Mwalimu akamwuliza, wote wawili ni wako? Baba akamjibu, wewe andika mwalimu, foleni ni ndefu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mwalimu akaandika. Na kwa kuwa hakuna aliyejua Kengele alizaliwa lini, mwalimu alimwambia afungue kinywa, akamtazama meno kama anayenunua ng'ombe, akakadiria tarehe. Akamfanya mkubwa kwangu kwa miezi minne.

Njiani kurudi baba alisimamisha baiskeli. Akatuambia jambo hili mama asiambiwe kwa sasa. Alisema umetoka kumzika binti, na yeye hataki usikie kwamba wiki hiyo hiyo kuna binti mwingine amepewa jina lake, utadhani amekwenda kutafuta wa kujaza pengo. Alisema atakwambia mwenyewe ukipata nafuu. Tuliapa, tukiwa na miaka saba. Wewe ulipata nafuu, naye akawa kila mwaka anasema mwaka huu. Uliposikia shuleni wanatuita pacha ulifikiri ni utani wa watoto, kumbe ni daftari la mahudhurio. Cheti cha shule Kengele alikuwa anakificha uvunguni kwa mjomba. Baba alipofariki, miaka tisa sasa, alikuwa bado hajasema. Mimi na Kengele tukakubaliana kwamba hatuna ruhusa ya kuisema siri isiyo yetu. Ndivyo tulivyojipa sababu. Kusema kweli tuliogopa.

Kwa hiyo siku ya kwanza pale dirishani, ningeweza kumwambia karani ni dada yangu, aangalie majina. Sikutaka. Nilitaka aandike rafiki, kwa kuwa ndiyo kweli, na kwa kuwa kwangu mimi neno hilo si dogo. Siku ya pili nilimpa kitambulisho kimya. Akakiweka karibu na changu. Akasoma, akashusha miwani kutoka kwenye paji akasoma tena. Akasema, mama, jana ulinisumbua na urafiki, kumbe baba mmoja. Halafu akatazama tarehe za kuzaliwa. Akahesabu kwa vidole. Miezi minne, akasema, aa, sasa nimeelewa kwa nini mnaitana rafiki. Akaangua kicheko, akawaambia wale wa foleni kwamba mzee huyu alikuwa hodari, alikuwa na kazi nyumba mbili. Na foleni ikacheka. Foleni ile ile ya ni kweli, ni kweli.

Mama, nilinyamaza.

Huyo ni mume wako aliyekaa na wewe miaka arobaini na miwili bila kulala nje, labda siku ile mvua ilipobeba daraja. Nilikuwa na maneno yote kinywani. Ningesema moja tu, karani angefunga fomu, maana angekuwa amejua si ndugu. Daktari alikuwa amesema siku mbili, na hiyo ilikuwa siku ya pili. Karani akatia alama kwenye ndugu, akaandika dada, akanisogezea kalamu na kamba yake. Nikamwacha baba yangu achekwe, nikasaini. Nimeomba toba kwa kunyamaza kule. Kwa kusaini nimejaribu kuomba toba mara mbili nikashindwa, nikaona nitakuwa namdanganya Mungu juu ya kumdanganya karani.

Yangeishia pale ningekuja kukwambia kwa mdomo siku moja. Lakini kwenye ile foleni, watu wawili nyuma yangu, alikuwepo mke wa kinyozi. Unamjua, nyumba ya kwao ni ya tatu kutoka kwako, alihamia huku na kinyozi wake na bado kila mwezi anakuja huko kumwona mama yake. Alikuwa amemleta mtoto kuchomwa sindano. Hakunisalimia, alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Jumapili nilipoingia kwenye kundi letu la maombi wakanyamaza. Kiongozi wetu akasema leo tuziombee familia zenye siri, na wote wakafumba macho upande wangu. Mimi ndiye ninayefua vitambaa vya meza yao kila mwezi, na wananiombea kama mtu wa mtaani. Nilisimama nikawaambia baba yangu hakuwa na mtoto wa nje. Mmoja akanishika mkono, akanambia kwa upole, dada, hakuna anayemhukumu marehemu. Hakuna kitu kinachokera kama kusamehewa kosa ambalo halikutendeka.

Mke wa kinyozi anasafiri kuja huko Jumamosi. Ndiyo sababu barua hii nimempa dereva wa basi leo Alhamisi, ikutangulie. Sikutaka usikie kisimani, wala kwa mtu anayekutazama usoni ili aone utakavyoshtuka.

Sasa limebaki moja, na ndilo kubwa. Habari za kundi zilimfikia Kengele kitandani, wageni hawakosi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aligeukia ukuta, akaniambia akitoka tu atakwenda ofisi ya vitambulisho akalifute jina. Akasema alilitumia likamsomesha, likampatia kazi, juzi limemtoa damu kichwani, linatosha. Hawezi kubaki nalo likamfanya mama wa watu, mwenye miaka yake sabini na minne, aambiwe mume wake alikuwa na nyumba mbili. Nikamwuliza atajiandika nani. Akasema, Mjomba. Hapo akatabasamu kidogo, lakini hakuwa anatania. Fomu ameshamtuma muuguzi amletee, na dada wa kitanda cha pili amemsaidia kuzijaza. Zipo kwenye mkoba wake, imebaki sahihi tu.

Nilimfokea, mama. Mgonjwa mwenye bandeji, nilimfokea mpaka muuguzi akaja. Nilimwambia hilo jina hakuliiba, alipewa na mwenyewe mchana kweupe mbele ya foleni. Akanijibu kwamba mwenyewe alilitoa, sawa, lakini jina hilo mama naye analo, ndilo aliloolewa nalo, na yeye mama hakuulizwa. Ana haki. Miaka arobaini na moja hatukukuuliza.

Basi ndiyo nakuuliza sasa. Sikuombi useme uongo wala uiandikie hospitali chochote, fomu yao walishaifunga. Sikuombi hata unisamehe upesi, na baba naye mkasirikie kama unaona anastahili, alikuwa na miaka mingi ya kusema. Ninachotaka kujua ni kama jina libaki kwake au alirudishe. Ukisema alirudishe nitampeleka mwenyewe ofisini, kwa miguu yangu, sitanung'unika mbele yako. Ila ujue ninavyoona mimi. Mtoto wa mjomba ana damu yake na hakuja. Kengele hana damu yetu, na baba alipokuwa amelazwa alikuwa anatoka kazini anakwenda kumkanda miguu, wewe ukidhani ni mimi nimemtuma. Sikumtuma siku hata moja.

Amekubali kungoja neno lako kabla ya kusaini. Nimemwambia angoje mpaka basi lirudi. Andika kwa mkono wako, hata mstari mmoja, hata kama herufi zinatetemeka, maana ikija kwa mwandiko wa wifi hatoamini kwamba ni wewe.

Nisalimie kaka na wifi na watoto, na jirani yako wa mkono wa kulia. Wa nyumba ya tatu usimsalimie, Mungu anisamehe. Baba watoto anakupa shikamoo, na wajukuu wako wote. Kengele hakutuma salamu, amesema hajui azitume kama nani.

Dereva anapita hapo kurudi Jumatatu asubuhi. Tafadhali mama, nijibu mapema.

Mimi mwanao,
wa chumba cha dobi